Hii, Ile, Hiyo

Barua ilinifikia Januari, theluji ikiwa magotini
kwenye ngazi za Idara ya Hisabati, Tartu.
Mistari minne tu, na muhuri wa ofisi ya huduma:
Kärt Ojaveer. Slaidi siku mbili kabla ya somo.
Maandishi makubwa. Mtihani saa tatu badala ya mbili.
Haikutaja ugonjwa.
Niliigeuza nione upande wa pili. Mweupe.

Miaka ishirini na miwili nafundisha jiometri,
na slaidi zangu huzimaliza asubuhi ileile ya somo,
kahawa mkono mmoja, aibu mkono wa pili.
Siku mbili kabla!
Nilinung'unika hadi kwenye kabati la makoti.

Akaja ofisini. Macho ya kijivu, mazima kabisa,
ila yalitazama bega langu, si uso.
Nikadhani ni dharau.
Nikauliza nisilopaswa kuuliza:
"Kwani una nini?"
"Nina mtihani Ijumaa," akasema,
"na nahitaji karatasi yenye herufi kubwa."
Mabomba ya joto ukutani yakagonga,
kana kwamba yanakohoa kwa niaba yangu.

Baadaye alinieleza mwenyewe, kwa hiari yake, tukishuka ngazi:
katikati ya kila akitazamacho kuna doa,
kama kidole cha mtu kilichobandikwa juu ya picha.
Akitaka kukuona, hukutazama pembeni.
Kumbe lile bega
ndilo lililokuwa njia yake ya kufika usoni.

Wiki ya tatu, ubaoni, chaki ikikwaruza:
"Hii ukiihamishia hapa, ile inakuwa hiyo,
kwa hiyo hii na hii ni sawa."
Mkono ukanyooka safu ya mbele.
"Ipi? Wapi? Inakuwa nini?"
Darasa likacheka. Nami nikacheka, kidogo, kwa woga.
Kisha, kutoka nyuma, Tarmo Lepasaar,
kijana aisomaye saa ya mnara ulio ng'ambo ya mto:
"Hata mimi sijui ni ipi."

Nikageuka, nikautazama ubao wangu.
Hii. Ile. Hiyo.
Vidole vya lugha: huelekeza tu,
havibebi kitu.

Nikaanza upya, kwa majina:
pembe A, upande utokao A hadi C,
mstari unaoigawa pembe nusu kwa nusu.
Mdomo ulikuwa mzito kama wa mtoto anayejifunza kusoma.
Na mstari wa tano, nikakwama.
Pale ambapo kwa miaka ishirini na miwili
nilisema "hii ni dhahiri", nikagonga chaki, nikapita,
palikuwa na shimo. Hatua nzima haikuwepo.
Nililiruka kila mwaka, na kila mwaka
kundi la vijana likaliruka nyuma yangu, limefumba macho.

Mwenzangu Aivar alisema, kwenye chumba cha chai:
"Huo ni upendeleo."
Alikuwa akifuta miwani yake kwa ncha ya tai.
Nilingoja aivae.

Sikuwa mwema kila siku. Machi nilisahau,
nikachapa karatasi yake kwa herufi za kawaida.
Aliketi nayo dakika kumi na saba
kama mtu aliyepewa mlango usio na kitasa,
mimi nikipanda ngazi mbio kuitafuta mashine ya nakala.
Nilimrudishia dakika zake, zote kumi na saba.
Ule ukimya wake sikuwa na pa kuurudisha.

Mwishoni alipata C.
Sikuongeza alama. Hakuomba.
"Swali la nne," alisema, akilitazama bega langu,
"nililikosa kwa haki."

Sasa ni Novemba, saa kumi, na giza limeshaingia.
Slaidi za keshokutwa nimeshazituma,
ingawa mwaka huu hakuna barua iliyokuja.
Nimesimama mbele ya ubao mtupu, najaribu sauti.
Pembe A. Upande AC. Na hii...

Ipi?

Narudi mwanzo.